Namba za Chaki

Patasi alijua kuna jambo kabla hajafika getini, maana nyumba ilikuwa inang'aa.

Nyumba ile haikuwa na tabia ya kung'aa. Ilikuwa nyumba ya kizamani, kuta nene za mawe na chokaa, dari iliyo juu mpaka ukikohoa sebuleni kikohozi kinakurudia, na madirisha ya mbao yaliyozoea kumeza jua badala ya kulitema. Asubuhi ilikaa mwisho wa mtaa kama mzee aliyekwisha kuoga, ametulia, hana haja ya kutazamwa na mtu. Leo ilimpiga machoni tangu kwenye kona. Akakunja uso, akadhani jirani ameezeka mabati mapya.

Alikuwa anatoka safari ya siku nne. Begani alining'iniza mfuko wa vifaa, ndani yake bawaba nne za shaba na shati jeupe lililopigwa pasi. Kifuani alikumbatia kioo kilichozungushiwa blanketi, akitembea taratibu kama mtu aliyebeba mtoto wa watu.

Kile kioo kilimtoa jasho. Dirisha la chumba cha marehemu Bibi, la kumi na nne na la mwisho katika kazi yake ya kuikarabati nyumba ile, lilikuwa na pengo moja juu, na miaka yote pengo hilo lilizibwa kwa boksi. Kioo cha dukani kingeingia bila shida, lakini vioo vya zamani vina mawimbi. Ukitazama nje, mti unacheza kidogo hata pasipo upepo. Kioo kipya katikati ya vile kingeonekana kama jino la dhahabu kinywani mwa mtoto. Patasi alisikia kuna ghala kuukuu linabomolewa mji wa mbali. Akapanda basi, akalala kwa watu, akawabembeleza wabomoaji siku mbili mpaka wakampa kimoja ili awaondokee. Simu yake ilizima siku ya pili na hakuhangaika kuichaji.

Alikuwa na sababu ya kuhangaikia kioo kuliko simu. Miezi miwili nyuma, Mama mwenye nyumba alimwambia maneno matatu ambayo tangu siku ile alilala nayo na kuamka nayo: nyumba ikiisha, tutazungumza. Kioo kile kikiingia mahali pake, nyumba imeisha. Ndiyo maana ya lile shati. Leo angemaliza, anawe, avae, akae mbele ya Mama na kumwomba binti yake.

Alisukuma geti kwa kiwiko. Akasimama.

Madirisha yake hayakuwapo ukutani. Mahali pake palikuwa na alumini nyeupe na vioo vya kuteleza, vipana, vyeupe, vimebandikwa karatasi ya duka kwenye kona. Mafundi walikuwa wamebomoa lipu ya chokaa pembeni na kuziba kwa saruji ya kijivu, mabaka mabaka, kama mtu aliyeshonwa jeraha na fundi viatu. Naye Patasi alikwisha kusema mara ngapi kwamba ukuta wa chokaa hupumua, ukiuziba kwa saruji utatoa jasho na kuoza kwa ndani.

Na madirisha ya mbao yalikuwa uani, chini ya mfereji wa paa, yamelundikwa kama kuni.

Aliweka kioo chini polepole, akakiegemeza kwenye ngazi ya mlango. Akaenda kwenye lile lundo, akachutama, akaanza kuhesabu. Yalikuwa kumi na matatu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa siku mbili mfululizo, na maji ya mfereji yalimwagikia hapo hapo. Akageuza bawa la kwanza, akatazama ukingo wa ndani, pale panapojificha dirisha likifungwa. Palikuwa na alama nyeupe ya ukungu, kama pumzi kwenye kioo. Akageuza la pili. Pasafi. La tatu, pasafi.

Namba zote zilikuwa zimekwenda na maji.

*

Hapa lazima isemwe kosa lilikuwa la nani, maana baadaye kila mtu alilitupa kwa mwenzake.

Patasi hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kwa mwalimu wake wa useremala, mzee aliyekuwa mkali kuliko msumeno, aliyemfundisha kanuni moja ya nyumba kuukuu: usitoe kipande chochote bila kukikata namba kwa patasi, mahali macho ya mgeni hayafiki. Sababu ni kwamba nyumba ya zamani imekaa. Imelala huku, imeinama kule, na kila fremu imeinama na upande wake. Madirisha mawili unayoyaona mapacha, moja limezidi kidole juu, jingine limepungua nusu chini. Ukiyachanganya, hakuna litakalofunga. Wenzake walitumia rangi, wengine karatasi. Yeye alikata tu, kila kipande, miaka ishirini, mpaka jina likamkaa.

Kisha akamkuta Nesi.

Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata mama yake mzazi. Alikuwa kitinda mimba wa nyumba ile, mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye mikono mikavu kwa kunawa dawa, na macho yanayokutazama kama yanatafuta unapoumia. Nyumba alilelewa humo na bibi yake, na bibi alipofariki, yeye peke yake ndiye aliyekataa ibomolewe. Siku ya kwanza alimzungusha Patasi vyumba vyote bila kusema, halafu akamwambia, "Sitaki nyumba mpya. Nataka hii hii, ila isiwe mgonjwa."

Patasi alikwisha siku hiyo hiyo, ila hakujijua.

Walijuana kwa kukwangua rangi. Jioni akitoka zamu alivua viatu, akachukua wembe, akakaa naye sakafuni kutafuta rangi ya kwanza ya nyumba. Walikwangua buluu wakakuta maziwa, chini ya maziwa kahawia, chini ya kahawia pinki iliyowachekesha sana, mpaka safu ya saba wakakuta kijani kilichopauka, kama jani lililofunikwa na jiwe. Nesi akaweka kidole pale, akasema bibi yake alihamia akiwa bi harusi na rangi hii hii ukutani. Kidole cha Patasi kilikuwa pale pale karibu. Hakuna aliyeondoa chake.

Na siku Patasi alipolishusha dirisha la kwanza na kuweka patasi ukingoni ili akate namba, Nesi alimshika mkono.

"Usilichanje," alisema. "Limeshachanjwa vya kutosha."

Akamwambia ndiyo kanuni. Nesi akamwuliza kanuni hiyo haijui chaki? Akatoa kipande cha chaki mfukoni mwa gauni lake la kazi, kile cha kuandikia majina kwenye ubao wa wodi, akamwekea kiganjani na kukifunga kiganja. Patasi akacheka. Akaandika moja kwa chaki, kisha mbili, mpaka kumi na nne. Mwanamume akipenda hufanya ujinga wake wa kwanza akiamini ni ustaarabu.

Dirisha la kwanza lilipopona na kurudi ukutani, alimfundisha kulisikiliza. Dirisha lililokaa sawasawa halibamizwi. Ukiligusa kwa kidole linarudi lenyewe na kutoa sauti moja fupi, tup, kama mtu aliyeweka kikombe mezani bila haraka. Nesi alilifungua na kulifunga mara tisa, kila mara akicheka, mpaka mama yake akauliza kutoka chumbani ni nani anayecheza na mlango.

Familia ilipogundua, haikupiga kelele. Ilinyamaza tu, na kunyamaza kwa watu wale kulikuwa na uzito kuliko matusi. Mama alisema hana neno na mtu, ila fundi ni fundi. Dada yake Patasi alipoambiwa alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Wale watakupa nyundo, kaka yangu. Binti watakunyima."

*

"Karibu, shemeji. Umetukuta tumeshahama karne."

Alikuwa kaka yake Nesi. Walimwita Meneja kwa sababu alipenda kuitwa hivyo. Alikuwa na duka lake la madirisha ya alumini, na kila alipoingia nyumba ya mtu alipima ukuta kwa macho kabla ya kusalimu. Alisimama ngazini na kikombe cha chai mkononi.

Patasi hakusikia lile neno shemeji. Au alilisikia akadhani ni kejeli, maana miezi saba Meneja hakuwahi kumwita lolote zaidi ya "wewe fundi".

"Nani ameruhusu?" aliuliza.

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Ingia umuulize. Yuko chumba cha Bibi. Hilo moja ametukatalia, amelikalia kama kuku wa mayai."

Patasi akamwambia kwamba haamini, na kwamba mtu aliyegusa kazi ya fundi mwenzake akiwa safarini si mtu. Meneja alikunywa chai kidogo. Hakukasirika, na hilo lilimuudhi Patasi zaidi.

"Sikiliza," alisema. "Wewe unaipenda nyumba hii kwa sababu hukulala humu ukiwa na pumu. Mimi nimelala. Chini ya dirisha lile la pembeni, mvua inaingia, ukungu unapanda ukutani, nami nakoroma kama mzee nikiwa na miaka minane. Mama kila jioni anavutana na makomeo yale kama anavuta punda. Ana miaka sabini. Wewe na Nesi mnakwangua rangi na kuchekeana, mmewahi kumuuliza mkono wake unaumaje?"

Patasi hakuwahi kumuuliza. Ila mtu mwenye hasira hamwachii mwenzake haki yake hata ikiwa mezani, akapita.

Mama alikuwa ameketi barazani kwenye kiti chake, kanga mabegani. Patasi alimwamkia bila kusimama, kichwa kikiwa kimetangulia mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Mama alisema. "Pole na safari."

Naye akapita, miguu ikigonga sakafu.

*

Chumba cha Bibi kilikuwa pembeni, upande wa bustani. Nesi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha dirisha, mgongo kwenye fremu, amevaa gauni la kazi ingawa hakwenda kazini. Bawa moja la dirisha lilikuwa limetolewa na kuegemezwa ukutani, na lile pengo juu bado lina boksi lake. Alipomwona alisimama haraka, akafanya kama anakuja kumkumbatia, halafu akauona uso wake na kuishia katikati ya chumba.

"Nilikupigia," alisema. "Mara kumi na moja."

"Simu ilizima."

"Najua ilizima. Nilipiga hivyo hivyo."

Patasi akamwambia amefika, sasa aambiwe. Akasema kwa sauti ya chini, sauti anayoitumia pale mteja anapomletea mbao mbichi na kudai zimekauka.

Nesi akaeleza. Juzi asubuhi Meneja alikuja na mafundi wake na gari limejaa. Wakakaa watatu barazani, yeye, kaka na Mama. Kaka akasema amechoka kuitwa mbaya, basi wayamalize. Nyumba ni ya familia na Mama anazeeka ndani yake. Kama Nesi anataka nyumba ibaki makumbusho, sawa, lakini asitegemee siku moja wampokee fundi wa makumbusho mezani kwao. Na kama anamtaka fundi, basi Mama apate madirisha anayoweza kuyafunga kwa mkono mmoja.

"Mama alisema nini?"

"Mama alinyamaza. Unamjua. Akanitazama tu. Wakataka jibu pale pale, mafundi wako getini wanavuta sigara." Nesi alivuta pumzi. "Nikachagua."

"Ukachagua nini?"

"Wewe, mjinga wewe. Nilichagua nini kingine?"

Nje mafundi wa Meneja walikuwa wanapakia vifaa vyao kwenye gari, mmoja anapiga mluzi. Patasi alisogea dirishani akaweka kiganja kwenye fremu. Mbao ilikuwa laini. Aliipitishia msasa kwa mkono wake wiki nzima, wakati Nesi anamsomea gazeti.

"Hukuniuliza," alisema.

"Ningekuuliza wapi?"

"Ungengoja."

"Nimengoja miezi saba, Patasi. Nafanya kazi wodini, naona watu waliokuwa wanangoja. Nilipewa mlango wazi nikaingia. Nililia, kama unataka kujua. Walipong'oa lile la sebuleni nilikwenda kusimama jikoni nikaziba masikio. Lakini mwisho wa yote ni mbao. Mbao, na wewe una pumzi."

Huenda lingekuwa neno jingine lolote angelimeza. Hilo halikupita.

"Ni mbao," alirudia.

"Unajua ninavyosema."

"Wewe una cheti ukutani. Kaka yako ana duka, jina limeandikwa juu kwa taa. Mimi nilitoka shule darasa la sita. Mtu akiniuliza nimefanya nini duniani, ningemleta hapa nimwonyeshe. Kumi na manne. Ndiyo vyeti vyangu, sina vingine. Na shati nimekuja nalo kwenye mfuko huu, nivae nikamwambie mama yako: niliyoyafanya ndiyo haya, nipe binti. Sasa nitamwonyesha nini? Nimwonyeshe alumini ya mwanawe?"

"Hahitaji kuonyeshwa. Amekubali."

"Amekubali kwa kuwa nimepungua. Mtu mzima walimkataa. Wakasubiri akatwe mikono, wakasema haya, mlete."

Nesi alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua, sauti yake ilikuwa imebadilika, ile ya kazini, ya kumwongoza mgonjwa hatua moja moja.

"Basi tuyarudishe. Leo. Nitakwenda barazani sasa hivi nimwambie Mama nimerudisha neno langu. Tutamtafutia makomeo mepesi, wewe unajua kuyatengeneza. Kaka atanuna, halafu itamwisha. Wakikataa, nafunga nguo zangu natoka nawe kwa geti lile. Ila niambie tu lipi linakwenda wapi."

Alimshika mkono, wakatoka kwa mlango wa nyuma mpaka uani. Nesi akapiga magoti kwenye tope na gauni lake jeupe, akageuza bawa la kwanza kutafuta namba. Akageuza la pili na la tatu. Akafuta ukingo kwa kidole gumba, akakitazama kidole kana kwamba namba imehamia huko.

"Chaki," alisema.

Patasi aliutazama mfereji wa paa.

"Ni mimi niliyekuambia chaki."

Patasi angeweza kusema neno moja la kumpunguzia, kwamba yeye ndiye fundi, yeye ndiye aliyejua kanuni. Hakulisema.

"Lakini unayajua," Nesi alisema akiwa bado chini, amemwinulia uso. "Uliyashika moja moja. Hutambui lako?"

Patasi aliyatazama. Lile la juu lilikuwa la sebuleni, kushoto. Lina fundo kama jicho la ng'ombe kwenye kibao cha tatu. Lililo chini yake la ukumbini, bawaba zake ziliacha kivuli kirefu. Lile lililopasuka kona ni la chumba cha Mama, alilitia gundi mara mbili. Wiki mbili za kupima na kujaribu, tatu kama mvua ingerudi, na yote yangekuwa mahali pake. Aliyajua kama mtu anavyojua watoto wake gizani.

"Hayarudi," alisema. "Bila namba hayarudi."

Alidanganya. Wala hakudanganya kwa kuwa amechoka. Alitaka naye apoteze kitu kisichorudi, waumie sawa.

Nesi alibaki amepiga magoti. Alimtazama muda mrefu, kwa yale macho yanayotafuta mtu anapoumia, na Patasi akaona wazi kwamba yamepaona.

"Miaka kumi na moja," Nesi alisema, "kila siku watu wananiambia hawaumwi. Unafikiri sijui sura ya mtu anayenidanganya?"

"Siwezi, Nesi."

"Unaweza. Hutaki."

Patasi alitazama pembeni. Mafundi wa Meneja walikuwa wameondoka. Uani palisikika maji tu yakidondoka kutoka kwenye mfereji.

"Mimi niliwapa kitu nilichokipenda kuliko vyote ili nikupate," Nesi alisema. "Nilikosea kutokukuuliza, naomba radhi, na ningeomba tena kesho na kesho kutwa. Lakini wewe ulikuwa unaweza kunirudishia, ukachagua kunikomoa. Basi." Akainuka, akafuta mikono kwenye gauni, tope likabaki. "Nenda kamalize kazi yako. Dirisha la Bibi lina tundu."

*

Alimaliza kazi. Fundi haachi tundu kwenye ukuta wa mtu hata awe anatoka na moyo umemning'inia.

Alikifungua kioo kutoka kwenye blanketi. Hakikuwa na ufa hata mmoja, safari yote ile. Akatoa boksi, akasafisha mfereji wa kioo kwa ncha ya kisu, akakiweka. Kilikaa kama kilikatiwa pale. Bustani ikaonekana ndani yake inacheza polepole. Akafunga bawaba mpya, akapachika bawa, akaweka kipimamaji, akapunguza unywele mmoja kwa randa, akajaribu tena.

Nesi alikaa kitandani kwa Bibi muda wote, mikono mapajani, akitazama. Hakutoka. Mara moja tu Patasi alipapasa sakafuni akitafuta bisibisi, akakuta ameshasogezewa kwa mguu.

Mwisho kabisa alitoa patasi. Akaweka ukingoni, mahali macho ya mgeni hayafiki, akakata mikato kumi na minne, midogo kama kucha, bila kumtazama mtu. Safari hii hakuna aliyemshika mkono.

Akafunga mfuko. Lile shati jeupe lilikuwa limekunjamana chini ya nyundo. Alisimama mlangoni akitafuta la kusema, na kama mnavyojua, neno la kweli halipatikani ukilitafuta umeshika mfuko. Akasema, "Lisibamizwe."

"Najua," Nesi alisema.

Alipita ukumbini. Alumini ilikuwa imeleta mwanga mwingi mno, kila ukuta ulionekana ulivyopinda, na kile kijani cha safu ya saba kikawa kimefifia kama kitambaa kilichofuliwa mno. Meneja alikuwa anabandua karatasi ya duka kwenye kona ya kioo kwa ukucha. Alimpisha. Barazani Mama alikuwa pale pale, mkono mmoja ameupumzisha juu ya mwingine, vidole vimevimba kwenye viungo. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Patasi kuviona.

"Kwaheri, mama."

"Unaondoka bila chai, mwanangu?"

Alishuka ngazi mbili kabla neno hilo halijamfika.

Mwanangu. Miezi saba yote alikuwa fundi. Fundi, kula. Fundi, mvua inakuja. Na asubuhi ile alipoingia, kichwa kimetangulia, Mama alimwitaje? Na Meneja pale ngazini, na kikombe chake cha chai, alisema karibu nani?

Walikuwa wamempokea. Kabla hajafungua mdomo, kabla hajavaa shati, alikuwa tayari ni wa nyumba ile, na alipita katikati yao akitafuta madirisha.

Alifika getini. Akageuka. Vioo sita vya mbele vilimrudishia mtu yule yule mara sita, mtu mfupi mwenye mfuko begani. Pembeni, upande wa bustani, dirisha la Bibi lilikuwa wazi, na Nesi amesimama ndani yake, mkono kwenye bawa. Kati yao palikuwa na hatua ishirini, pengine na nne. Uani yalikuwapo madirisha kumi na matatu anayoyajua kwa fundo na kwa kivuli. Alihitaji kusema kitu kimoja tu: lile la juu ni la sebuleni.

Alifungua mdomo.

Nesi aligusa bawa kwa kidole kimoja. Halikukwama, wala halikulia bawaba. Lilirudi lenyewe, taratibu, mpaka likakutana na fremu yake.

Tup.

Patasi alisimama akisubiri lifunguke tena, ingawa yeye kuliko mtu yeyote alijua limekaa sawasawa.